Bwawa la Dada Lilipotakata

Nilipomaliza kozi ya afya nilipewa baiskeli, bomba la kupulizia dawa na sare mbili za kaki. Vyote hivyo vilikuwa mali ya serikali. Kiburi nilikwenda nacho mwenyewe kutoka nyumbani.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wametoka tu kuhamia vijiji vipya, na mimi nikapangiwa vijiji kadhaa upande wa Kharumwa. Kazi yangu ilikuwa vyoo, visima na mbu. Nilikagua vyoo vya watu waliokuwa na umri wa baba yangu huku kalamu imekaa sikioni, na wazee niliopaswa kuwaamkia mimi waliniamkia wao kwanza kwa ajili ya ile kaki. Sikuwakataza. Leo nikikumbuka nasikia aibu, lakini wakati ule niliona ni haki yangu.

Aliyekuwa haniogopi ni dada yangu peke yake. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado mdogo wa kubebwa, na dada, ambaye hakuwa amefikia hata umri wa kuolewa, akanichukua mgongoni na hakunitua mpaka nilipoingia darasa la kwanza. Yeye shule hakuiona. Ilibidi mmoja abaki alime ili mwingine asome, na hakuna aliyemuuliza kama alipenda abaki yeye. Nilipokuwa chuoni, kila likizo nilimfundisha kusoma kwa mkaa kwenye ukuta wa kihenge. Siku zile kila kijiji kilikuwa na kisomo cha watu wazima, lakini saa ya kisomo ilimkuta yeye yuko mpungani, kwa hiyo mwalimu wake nikawa mimi. Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Alichelewa, lakini jiwe halikumpita.

Alikuwa amezaa mara tatu na mtoto aliyebaki alikuwa mmoja, binti wa miaka kama minne hivi. Mume wake alikwenda kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya upande wa Geita. Mara tulisikia ameonekana mahali fulani, mara tukasikia hakuwa yeye. Baada ya muda dada aliacha kuuliza. Nguvu zake zote zikabaki kwa yule binti.

Na binti mwenyewe alikuwa akimponyoka. Nyumba ile ilikula ugali wa muhogo na mlenda, kiangazi ikala michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Ng'ombe hawakuwa nao. Dagaa walifika gulioni mara moja moja, na anayekaa mbali akifika anakuta gunia tupu. Mtoto akaanza kuvimba miguu. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zikageuka rangi ya ndevu za mahindi yaliyokauka, na akawa hachezi, anakaa tu kizingitini na kununa kama bibi kizee. Muuguzi wa zahanati alimtazama mara moja akasema ni kwashakoo. Akasema mtoto huyu hahitaji sindano, anahitaji samaki, maharage, maziwa, yai. Dada alirudi nyumbani amembeba, akijiuliza samaki atatoka wapi katika nchi ya vumbi.

Basi ikatokea akapita bwana samaki, mtaalamu wa uvuvi aliyezunguka vijijini kufundisha watu kuchimba mabwawa. Wanaume wa kijiji walimsikiliza kwa heshima, wakampigia makofi, wakarudi kwenye pamba yao. Dada alikwenda mbugani, pembeni ya majaruba ya mpunga, mahali palipokuwa na kijito cha chemchemi, akaanza kuchimba. Alichimba kwa jembe na karai, udongo mweusi ule wa mbuga unaoshika mguu usiutoe. Ilimchukua kiangazi kizima. Watu wakipita walimtania wakisema anafuga vyura, wengine wakamuuliza lini meli itatia nanga. Naye aliwajibu waje na nauli. Mvua zilipojaza shimo, bwana samaki akaleta vifaranga vya sato ndani ya debe, wadogo kama mbegu za maboga, akawamwaga humo.

Nilidhani kufuga samaki ni kuwatupia chakula. Kumbe dada hakulisha samaki, alilisha maji. Alitundika kwenye kona moja ya bwawa gunia la samadi aliyoomba kwenye mazizi ya majirani, limezama nusu, na kila asubuhi alilitikisa mara kadhaa. Baada ya wiki mbili maji yakabadilika rangi. Bwana samaki alikuwa amemfundisha kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote: unainama ukingoni, unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, unatazama vidole vyako. Ukiviona, maji yana njaa, ongeza samadi. Usipoviona, samaki wako wanakula. Dada alizamisha mkono kila siku ya Mungu. Alijua kijani cha majani machanga ya maharage kuwa ndicho chenyewe, na kijani kizito kinachovutika kama mlenda kuwa ni hatari, atoe gunia kwanza. Nilimwona akisimama pale akiyatazama maji kama wengine wanavyotazama ng'ombe wao wakirudi zizini.

Mimi niliyatazama maji yaleyale nikaona uchafu. Chuoni tulifundishwa kwamba maji salama ni yale yanayopitisha jicho. Kijani kilikuwa dalili ya uzembe, na mimi ndiye niliyelipwa mshahara kuwaondolea watu uzembe.

Mtoto akapona. Naandika sentensi hii polepole kwa sababu ndiyo furaha pekee iliyomo katika habari hii yote. Dada aliwavua sato kwa kitambaa cha khanga kuukuu, wakubwa kiasi cha kiganja, akamchemshia mtoto kwa chumvi tu na kumchambulia miiba. Uvimbe ukashuka, miguu ikarudi kuwa miguu. Nywele zikaanza kuota nyeusi kutoka shinani, nusu nyeusi nusu nyekundu. Siku moja nilifika na baiskeli akanikimbilia na kuniita "Mjomba!" na akaning'ang'ania suruali nisishuke mpaka nimzungushe. Nikasema moyoni, vidonge vyangu vya klorokwini, vile vya malaria nilivyomletea, vinafanya kazi. Wallahi nilisema hivyo.

Masika yaliyofuata mbu walikuwa wengi na yule mtoto akashikwa na homa mara mbili, moja ikikaribia kuondoka nyingine inabisha hodi. Mara ya pili alishikwa na degedege mikononi mwangu. Sikuwahi kuogopa namna ile. Homa iliposhuka, nilichukua bakuli jeupe la kazi nikashuka mbugani kumtafuta adui. Nikachota ukingoni, penye majani, nikapata viluwiluwi vya mbu kadhaa wakipinda na kujinyoosha. Nikapanda nao hadi nyumbani nikamwonyesha dada.

"Hawa ndio wanaomuua mwanao," nikamwambia.

Akaangalia ndani ya bakuli. "Umewachota wapi?"

"Bwawani kwako."

"Bwawani ndani, au kwenye nyayo za ng'ombe?"

Ng'ombe wa majirani walikunywa ukingoni pale, na kwato zao ziliacha vishimo vilivyojaa maji, mamia ya vishimo. Sikukumbuka bakuli lilipita wapi. Nikamjibu kwamba maji ni maji.

"Siyo, mdogo wangu. Mbu akitaga ndani, sato wanamaliza. Nimewaona kwa macho yangu wakiwameza. Fukia zile nyayo kama unataka kazi. Nitakupa jembe."

Mimi, mwenye cheti na sare, nipewe jembe nifukie nyayo za ng'ombe! Nilicheka. Nikamweleza kwa ile sauti ya kufundishia kwamba dawa ya mbu ni oili. Unatandaza utando juu ya maji, kiluwiluwi akija juu kuvuta hewa anakosa, anakufa. Tulifundishwa hivyo na tulifanya hivyo kila mahali, kwenye mitaro na madimbwi, kwa oili chafu iliyotolewa kwenye injini za mashine za kusaga na malori ya pamba.

"Na samaki?"

"Oili hukaa juu, dada. Samaki wanakaa chini. Kila mmoja ana nyumba yake."

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linaniuma kuliko matusi. Alisema, "Wewe ndiye uliyesoma." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa amelima miaka yote ile ili mmoja wetu asome, na sasa aliyesoma amesema. Angekataa vipi?

Mara ya kwanza nilimwaga oili kidogo, ujazo wa kopo moja la maziwa, nikaitandaza kwa tawi. Utando ukaenea na kung'aa rangi rangi. Niliporudi baada ya siku chache maji yalikuwa ya kijani vilevile, na kama macho yangu hayakunidanganya, kijani kilikuwa kimezidi kidogo. Dada alitabasamu. Alizamisha mkono, hakuona vidole, akaniambia bwawa lake lina moyo mgumu. Ningeishia pale. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekufa siku nyingi. Nilisoma ukijani ule kama ukaidi. Nilisema dozi ilikuwa ndogo.

Nikaenda kwenye mashine ya kusaga Kharumwa nikaomba debe zima la oili chafu, nyeusi tititi, nikalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Nikachukua na gunia la katani nikalijaza vumbi la mbao, nikalilowesha humo mpaka likashiba, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kazi inayodumu: gunia linavuja polepole wiki baada ya wiki, huna haja ya kurudi. Nililifunga jiwe nikalizamisha nusu kwenye kona ya bwawa. Kona ya pili lilikuwapo gunia lake la samadi. Yakawa yanatazamana, gunia langu na gunia lake. Oili iliyobaki nikaimwaga yote.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye vijiji vingine, nikakaa huko wiki tatu. Niliporudi nilipitia bwawani kabla ya kufika nyumbani, na nilichokiona kilinifurahisha mno. Maji yalikuwa yametakata. Chini ya ule utando ungeweza kuona mpaka tope, unaona jani lililozama, unaona alama za vidole vya miguu vya dada. Bakuli langu halikupata hata kiluwiluwi kimoja. Nilikaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, nikatoa fomu yangu ya mwezi nikaandika palepale: mabwawa yaliyotiwa mafuta, moja, matokeo, mazuri sana. Lile neno "sana" niliongeza mwenyewe.

Nikamkuta dada nyuma ya nyumba akisugua mkono kwa majivu. Ulikuwa mweusi mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Umeona maji yalivyosafika?"

"Nimeviona vidole vyangu," alisema. "Vyote vitano."

Sikumwelewa. Aliendelea kusugua. Alinieleza bila kunitazama kwamba tangu juma la pili samaki walikuwa wakipanda juu alfajiri, midomo wazi, wakivuta hewa na kuvuta oili pamoja nayo. Wengine walikufa siku zile. Waliobaki walikonda, vichwa vikawa vikubwa kuliko miili. Alijaribu kulitoa gunia langu lakini lilikuwa limekwisha kumwaga kila kitu. Alitikisa lake la samadi kila asubuhi, akaongeza jingine, na maji yakakataa kabisa kurudi kijani. "Nimeyalisha," alisema, "hayali."

Bwana samaki alipopita mwezi ule alichuchumaa ukingoni akayatazama maji muda mrefu. Alikuwa mtu mpole, laiti angenipiga. Aliniambia kwamba ule ukijani niliouita uchafu ni mimea, midogo kiasi kwamba jicho halioni mmoja mmoja, bali huona rangi yake inapokuwa mingi. Inaishi kwa jua kama mahindi yanavyoishi. Inampa samaki chakula na inampa hewa. "Ninyi mmeifunika isione jua," alisema, "na hicho kilichoifunika kina sumu inayoshuka taratibu ndani ya maji. Mmea ukifa, kila anayeutegemea anafuata kwa zamu." Alisema ninyi, hakusema wewe, na nilimshukuru kwa uoga kabisa. Nikamuuliza itachukua muda gani kulirudisha. Akasema bwawa likaushwe, tope lote litolewe, lingojee mvua nyingine, ndipo vifaranga vingine vitafutwe. Mvua zilikuwa zimekwisha.

Ile siku ya vidole, hata hivyo, kuna jambo jingine lilitokea, nami sijawahi kumsimulia mtu. Dada aliniandalia chakula. Aliweka ugali, na bakuli la sato wawili waliokaushwa kwa moshi kisha wakaungwa. Ndio waliokuwa wa mwisho wenye nyama. Kwetu mgeni hupewa kilicho bora, na ndugu wa kiume aliyetoka safari hula peke yake huku wengine wakingojea mifupa. Binti alikuja akasimama karibu na goti langu, macho kwenye bakuli. Nikamega kipande nimpe.

"Mwache," dada akasema. "Mayu, mwanangu, njoo huku. Huyo samaki ananuka oili, atakuumiza tumbo." Kisha akanitazama mimi. "Wewe kula."

Nilikula. Harufu ilikuwa ile ya mashine ya kusaga, ilipanda puani kabla ya tonge kufika mdomoni. Nilikula wote wawili, mpaka vichwa, na mtoto akiniangalia kutoka mapajani mwa mama yake. Sijui mpaka leo kama dada alinipa heshima au alinipa adhabu. Nadhani hata yeye hakujua. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja na mwenyeji akaugua.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Nilipeleka maharage nilipoweza, nikapeleka mayai yakavunjikia njiani, na kila nilipofika nilimkuta mtoto amerudi nyuma hatua nyingine. Nywele zikaanza tena wekundu, safari hii kutoka shinani. Miguu ikavimba. Akarudi kukaa kizingitini na kununa. Hakunikimbilia tena, na nilipomwinua kumweka juu ya baiskeli alilia kwa sauti ndogo kama anayeogopa kusumbua watu. Muuguzi alitupeleka hospitali kwa lori la pamba. Hakurudi na sisi. Tulirudi na mwili wake, lakini yeye hakurudi na sisi.

Alizikwa asubuhi, udongo ukiwa mgumu. Mimi ndiye niliyechimba. Nilitumia lile jembe ambalo dada alitaka kunipa siku ile nifukie nyayo za ng'ombe, nikakataa.

Siku ya tatu ya matanga ilibidi nifanye kazi nyingine. Vifo vya vijiji vyangu viliandikwa na mimi kwenye daftari: jinsia, umri, kijiji, ugonjwa. Nilikaa uani kwenye kigoda nikafungua daftari juu ya magoti. Dada alikaa mbele yangu akichambua choroko za wageni. Nikaandika jinsia, nikaandika umri, nikaandika kijiji. Nikafika kwenye ugonjwa nikasimama. Neno la kweli nililijua. Muuguzi alikuwa amelitaja mara mbili, na daktari akalirudia. Lakini neno lile lingeuliza swali: mtoto aliyekuwa amepona, alirudiwa na njaa kwa sababu gani? Na homa ilikuwa imemgusa pia siku za mwisho, kidogo, joto la kawaida la mtoto aliyechoka. Nikaandika malaria. Nikafunga daftari haraka kabla wino haujakauka, na ukurasa wa pili ukanakili neno lile kinyumenyume. Dada aliendelea na choroko zake.

Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyoingia katika hesabu ya waliouawa na mbu, na mwaka uliofuata tuliletewa oili zaidi.

Miaka ya themanini nilihamishiwa Geita mjini, nikapanga chumba Kalangalala. Pale dirishani niliweka chupa tatu za glasi zenye maji ya kijani niliyochota kwenye dimbwi. Mwenye nyumba alidhani ni dawa za kienyeji akaacha kuniomba kodi mapema. Chupa ya kwanza niliiacha hivyo. Ya pili nilitia tone moja la oili, ya tatu kijiko. Ya kwanza iliendelea kijani. Ya pili, yenye tone, ilikaa kijani, na kwa siku chache ilizidi hata ile ya kwanza, kama bwawa la dada lilivyozidi baada ya kopo la maziwa. Ya tatu ilipauka kidogo kidogo, mpaka siku moja nikaona kupitia humo mwanamke akivuka barabara upande wa pili. Nilirudia tena na tena, sijui nilitafuta nini. Pengine nilitaka siku moja ile ya tatu ibaki kijani ili nilale. Haikubaki.

Nilianza kusema vikaoni kwamba mabwawa ya samaki yasitiwe oili, tufukie nyayo na madimbwi madogo badala yake. Walinisikiliza, nadhani kwa sababu nilipandisha sauti mno. Hakuna aliyeniuliza nilijuaje.

Miaka ile ya themanini ikielekea ukingoni nilikwenda kwa dada na nia moja. Alikuwa amezeeka kabla ya wakati, mgongo umepinda kwa mpunga. Tulishuka wote mpaka mbugani. Bwawa lilikuwa bado lipo, nusu limeota matete, maji machache katikati. Alichoma tope kwa fimbo, na utando mwembamba wa rangi rangi ukapanda juu, ukazunguka fimbo. Baada ya miaka yote ile.

"Dada," nikasema, "kuna jambo niliandika kwenye daftari mwaka ule. Sikukwambia."

"Uliandika malaria."

Nilimtazama. Alikuwa akifuta fimbo kwenye majani.

"Uani, nikichambua choroko," alisema. "Lilikuwa juu chini kwa upande wangu, lakini nililisoma. Nilienda nalo polepole herufi moja moja, ulivyonifundisha kwenye kihenge. Nilipofika mwisho nikarudia mwanzo, nikidhani nimekosea."

"Miaka yote hii mbona hukusema?"

Alizamisha fimbo tena, akaitoa.

"Juma lile nilikuwa nimezika mmoja," alisema. "Sikuwa na nguvu ya kuzika wawili. Na wewe ndiye niliyebaki naye."

Kisha akaniambia tupande nyumbani, jua linakuwa kali, na nisikanyage pale pembeni kwa sababu panateleza.